UCHAMBUZI: Anayelijua shimo si yule anayelicheza

Umepita Links Road mara ngapi? Ukitoka Kisauni kuingia Nyali kusaka kibarua, ama umemsindikiza mtu tu, unapita karibu na uwanja wa gofu wa mashimo 18, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kijana aliyetoka kwa kinyozi asubuhi ya Idi. "Links" ni neno la Kiskoti la ardhi ya mchanga iliyo kando ya bahari, pale gofu ilipozoea kuchezwa tangu zamani. Kwa hivyo kila makanga anayeita jina la barabara hiyo anataja gofu, ajue asijue. Na wewe wa Likoni, ukishuka feri upande wa kisiwani ukashika njia ya Mama Ngina, unakutana na uwanja mwingine, huu wa mashimo 9, karibu kabisa na bahari. Wa Changamwe mtanivumilia, lakini haya yanawahusu pia.

Najua unachofikiria. Gofu ni ya mabwenyenye. Ni mchezo wa wazee wenye vitambi wanaotembea juani wakizungumza tenda. Mimi pia nilifikiria hivyo, mpaka nikabeba mifuko yao.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ndiyo iliyogoma, si mimi. Kwa karibu miaka miwili nikawa kedi, yaani yule anayebeba mfuko wa fimbo za mchezaji na kumwonyesha njia, katika klabu moja ya Pwani ambayo jina lake tuliache. Nilichokiona huko ndicho kinachonifanya niandike. Nyuma ya ule ua kuna kazi ya akili inayofanywa na watu wa mitaa yetu, lakini inalipwa kama uhamali. Na sasa kuna mashine inayodai inaweza kuifanya. Kabla hujakubali ama kukataa, acha nikueleze kazi yenyewe ni ipi.

Shimo husomwa kutoka mwisho

Msingi kwanza, haraka haraka. Raundi kamili ni mashimo 18. Kila shimo lina idadi ya mipigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kutumia: mitatu, minne au mitano. Ukijumlisha uwanja mzima unapata 70, 71 ama 72 hivi. Mchezaji anaruhusiwa fimbo zisizozidi 14, kila moja na umbali wake. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu.

Mtu mgeni akisimama pa kuanzia, hutazama mbele na kujiuliza: niupige mpira wapi? Mzee aliyenifunza kazi, ambaye makedi wote tulimwita Ami, alikuwa anaanza kule mwisho. Kibendera leo kiko upande gani wa grini, ile nyasi fupi yenye shimo? Kama kiko kushoto nyuma ya mchanga, basi mpigo wa kuingia utoke kulia. Ili utoke kulia, mpigo wa kwanza ulale wapi? Na ili ulale hapo, ni fimbo gani? Ukicheza drafti barazani unaijua mantiki hii. Husogezi kete kabla hujaona itakwenda kuliwa wapi.

Swali la pili la Ami lilinisumbua mwezi mzima: "Ukikosea, unataka ukosee wapi?"

Maana yake nilikuja kuielewa baadaye. Hakuna mtu anayepiga mpira wa gofu sawa kila mara. Hata bingwa, mpe mipira 20 alenge mahali pamoja, itatawanyika kama mchele uliomwagika. Kwa hivyo hulengi kibendera. Unalenga mahali ambapo mtawanyiko wako wote, mpigo mzuri na mbaya, utakuwa bado hai. Kushoto kuna kichaka na kulia kuna nyasi ndefu kidogo? Basi lenga kulia mwa katikati. Ukiupiga sawa uko salama, ukipotoka kulia uko kwenye nyasi na bado unacheza, ukipotoka kushoto unaangukia katikati.

Kwenye shimo la mipigo minne lenye kona, akili hiyo inaokoa zaidi kuliko misuli. Mpira ukipotea unapewa dakika 3 za kuutafuta. Kabla ya 2019 zilikuwa 5. Ukiukosa, unarudi ulipopigia na mpigo mmoja wa adhabu juu. Yaani umesimama palepale ulipoanzia, na sasa unapiga wa tatu. Nimeona watu wazima wakitaka kulia.

Shimo la Julai na shimo la Januari

Hapa sasa ndipo mtoto wa Pwani anapokuwa na mtaji ambao hajui kama anao. Kama una mjomba mvuvi Likoni ama Mtongwe, umesikia kusi na kaskazi tangu utotoni. Kusi huanza kushika kuanzia Aprili na kuwa kali katikati ya mwaka. Kaskazi hutawala kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi. Majahazi yalikwenda na kurudi Arabuni na Bara Hindi kwa pepo hizo karne nyingi kabla ya mtu kuleta gofu hapa.

Sasa chukua shimo la mipigo mitatu linaloelekea kusini. Julai unapiga dhidi ya upepo. Januari upepo uko mgongoni. Umbali uliochorwa kwenye kibao ni uleule, lakini hayo ni mashimo mawili tofauti. Na upepo wa usoni hukuibia zaidi kuliko ule wa mgongoni unavyokupa, kwa hivyo huwezi kusema vitafidiana. Ongeza saa ya siku. Anayeanza saa moja asubuhi bahari ikiwa imelala, na anayeanza saa nane mchana upepo ukiwa umeamka, hawachezi uwanja mmoja.

Kitu cha pili ni hewa yenyewe. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mpira unapaa zaidi. Huku chini hewa ni nzito. Fimbo inayomfikisha mtu yadi 150 kule, huku inaweza kuishia 140. Mwenye fimbo hajabadilika na fimbo haijabadilika, lakini mpira unaanguka kabla ya kufika.

Saa haikudanganya

Siku moja ya mwezi wa saba nilimbebea mgeni kutoka Nairobi. Mkononi alikuwa na saa ya setilaiti ambayo bei yake ingenirudisha chuo. Tukafika shimo la mipigo mitatu, upepo usoni, mchanga mbele ya grini. Akaitazama saa. Yadi 150. Akaniambia nimtolee namba saba.

"Bosi, chukua namba tano," nikasema.

"Saba yangu inapiga 150. Saa inasema 150. Wewe unaniambia nini?"

Nikatoa saba. Akaupiga vizuri kabisa, mpigo safi, ule wa sauti tamu. Mpira ukapanda, ukasimama hewani kama mtu aliyeitwa jina nyuma, ukaanguka mchangani. Kutoka mchangani kulimgharimu mipigo miwili. Akamaliza na sita kwenye shimo la mitatu. Mashimo mengine mawili siku hiyo yakaenda vivyo hivyo. Mwisho wa raundi akalipa ada bila bakshishi, akamwambia msimamizi kwamba kedi wenu anachanganya watu. Siku nne sikupangiwa mfuko. Siku nne kwetu Mlaleo ni mamangu kukopa unga dukani.

Lakini itazame tena hadithi hii bila hasira. Saa ilisema kweli. Umbali ulikuwa 150 hasa. Kilichokosewa ni uamuzi. Saa haikujua kwamba mwenye mkono alishuka kutoka Nairobi jana, wala kwamba ni mwezi wa saba.

Nikamwendea Ami nikitaraji anifariji. Akaniuliza swali moja: "Ulimpa sababu?"

Nikamwambia nilimpa namba ya fimbo.

"Mtu mzima, kijana wa umri wa mwanawe anamwambia chukua tano, kwa nini akusikilize? Ungemwambia, bosi, hewa ya huku inakula yadi kumi na kusi inakula kumi nyingine. Angechagua tano mwenyewe, na angejiona mjanja."

Ilinichoma, kwa sababu alisema kweli. Nilikuwa na jibu, lakini sikuwa na maelezo. Na jibu lisilo na maelezo, kwa mtu asiyekujua, ni kelele tu.

Namba nazo zina la kusema

Baada ya hapo nikaanza kusoma kwa simu, bando ya shilingi ishirini kwa wakati. Nikakutana na Mark Broadie, profesa wa Columbia University kule New York, aliyechambua mamilioni ya mipigo ya wataalamu na kuandika kitabu kiitwacho Every Shot Counts mwaka 2014. Watu wa klabu hupenda kusema mchezo unaamuliwa kwenye grini. Broadie alipopiga hesabu alikuta kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji bora na wengine inatokana na mipigo ya mbali, ile ya zaidi ya yadi 100. Maana yake ni kwamba ule uamuzi wa namba saba ama namba tano, ambao watu wanauona mdogo, ndipo mchezo unapopotelea.

Kuna jingine litakalokuponya moyo siku ukishika fimbo. Wataalamu wa Marekani, wanaolipwa mamilioni, wakiwa futi 8 kutoka shimoni huingiza kama nusu tu ya mipira. Kwa hivyo yule bosi anayevunja fimbo kwa sababu amekosa futi 8, anakasirikia kitu ambacho bingwa hukikosa mara moja kwa kila mbili.

Broadie alinigombanisha na Ami pia. Kwenye mashimo ya mipigo mitano, Ami alikuwa akiwaambia watu wapige mpigo wa pili mfupi ili wabakishe yadi 100, umbali wanaouzoea. Hesabu zinasema kwa kawaida ukiwa karibu zaidi ni bora zaidi, hata kama si umbali uuzoeao. Nikampelekea. Akacheka akaniambia huyo profesa hajakiona kichaka chetu. Tukabishana wiki nzima, mwisho tukakubaliana hivi: mahali hakuna cha kupotezea mpira, songa mbele kadiri uwezavyo. Mahali kuna kichaka ama maji, rudi nyuma kwa kiasi cha kukikwepa tu, usirudi kwa woga. Hiyo ni sheria nzuri kuliko ile ya Ami peke yake, na nzuri kuliko ya kitabu peke yake.

Basi nani analipwa?

Sasa njoo kwenye siasa ya jambo hili. Sheria za gofu zinasema kwamba wakati wa mchezo, anayeruhusiwa kukushauri ni kedi wako, ama mwenzako mnayecheza timu moja. Ukimuuliza mpinzani ametumia fimbo gani, unaongezewa mipigo miwili ya adhabu katika mashindano ya kuhesabu mipigo. Fikiria hilo. Mchezo wenyewe umeandika kwenye sheria kwamba mbeba mfuko ni mshauri. Lakini mfukoni mwake analipwa kwa kubeba. Mahali nilipokuwa, mimi wa mwaka mmoja na Ami wa miaka thelathini tulipata ada ileile kwa raundi. Tofauti yetu ilikuwa bakshishi, na bakshishi ni hisani, si haki.

Wakati huohuo vigari vya umeme vinabeba mifuko, na saa zinapima umbali. Anayekodi kigari analipa klabu, na pesa hiyo haifiki Kisauni. Wenzangu wengi wanaviona vigari ndio adui. Mimi naona vinginevyo, na hapa unaweza kunipinga. Mashine imechukua mabega na imechukua kipimo. Haijachukua uamuzi. Kedi aliyekuwa anauza mabega na yadi peke yake, huyo soko limemfunga. Kedi anayeuza uamuzi, na anayeweza kuueleza, bado ana duka.

Na wateja hawatapungua. Vipingo Ridge kule Kilifi imeshaandaa mashindano ya Magical Kenya Ladies Open, ya ligi ya wanawake ya Ulaya. Mwaka 2019 aliyeshinda pale ni Mjerumani Esther Henseleit, ambaye mwaka 2024 alichukua nishani ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris. Kila mashindano kama hayo yakija, viongozi husimama na kutuambia utalii wa michezo utatuletea ajira. Sawa. Ajira gani? Kuegesha magari? Kumwagilia nyasi? Mgeni akitoka Ulaya anaweza kuja na fimbo zake, kocha wake na saa yake. Kitu asichoweza kuja nacho ni miaka thelathini ya kuujua upepo wa shimo hilo. Hicho kipo kwetu peke yetu, na hatujakiwekea bei.

Usiniambie kedi hawezi kuvuka upande wa pili. Mwaka 1978 Kenya Open ilishindwa na kijana Mhispania, Seve Ballesteros. Alikulia kijiji cha pwani, akibeba mifuko ya watu, akijifunza kupiga mawe na mipira ufukweni kwa fimbo moja tu, namba tatu. Mwaka uliofuata akashinda The Open ya Uingereza, na 1980 Masters ya Marekani. Ufukwe tunao. Ila huko kwao kuna mtu alimwachia kijana nafasi ya kucheza.

Cha kufanya

Klabu kwanza. Igawanye malipo ya kedi mara mbili: ya kubeba na ya kushauri. Wapeni mtihani wa haki, anayepita apande daraja na ada yake ipande. Na mpeni siku ya kucheza. Klabu nyingi duniani huwaachia makedi uwanja Jumatatu, na hakuna nyasi iliyokufa kwa hilo.

Kaunti ya pili. Vyuo vya ufundi vya mitaani viko chini ya kaunti. Kozi ya wiki chache ya sheria za gofu, huduma ya kwanza na namna ya kuzungumza na mteja haihitaji maabara. Serikali nayo imekuwa ikihubiri kutambua ujuzi wa watu ambao hawakusomea darasani. Mimi niliyeacha chuo nalisikiliza hilo kwa masikio yote mawili. Ianzeni na watu kama Ami.

Utaniambia: nyasi zile zinanyweshwa na sisi Kisauni tunanunua maji ya mtungi. Kweli kabisa, na mjadala huo una siku yake, nitauandika. Lakini mtu anayefanya kazi leo kwenye nyasi hizo asingojee tumalize mjadala wa maji ndipo alipwe kwa akili yake.

Wa tatu ni sisi wenyewe. Andika. Nilipofunguliwa baada ya zile siku nne nilinunua daftari la kurasa 48. Kila shimo nikalipa kurasa mbili: kusi na kaskazi. Pa kulenga, pa kukosea, mpira unadundia wapi, grini inateremka upande gani. Mgeni akinibishia, nilimwonyesha ukurasa. Huwezi kuamini maandishi yanavyobadilisha sauti ya bosi. Na wewe usiyejua hata fimbo inashikwaje, mtaani kwako kuna mtu wa aina hii, fundi wa injini za mashua ama mama anayejua mbaazi zinapanda bei lini Kongowea, na yote yako kichwani mwake tu.

Mimi niliacha kubeba mifuko, siku hizi napeleka vifurushi kwa boda na kuandika. Ami ameacha pia, magoti yamekataa. Daftari langu lilikuwa na ya miaka miwili tu, kwa hivyo naenda kwake kuliongezea yake. Tunakaa nje na kahawa tungu, anasema, naandika. Kuna siku anasahau, kuna siku tunagombana kama mti fulani ulikuwepo ama aliuota. Tumefika shimo la 11. Jumamosi baada ya alasiri nakwenda tena, ameniambia la 12 lina maneno mengi.